Lile Jeusi Ndilo Jekundu

Paukwa!

Najua mmeitikia. Kwa desturi, msimulizi akiikaribisha hadithi huukaribisha na uongo, utamu ukolee. Leo uongo upo, ila si wangu. Ni wa picha.

Picha yenyewe imetundikwa ukutani kwa kinyozi wetu, mashariki mwa London. Ni ya mtaa mmoja wa jiji hili, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mna basi la ghorofa lisilo na paa, gari dogo lenye magurudumu membamba ya mbao, mkokoteni wa makaa unaokokotwa na farasi, na wanaume ambao wote wamevaa kofia kana kwamba asiye na kofia atatozwa faini. Mpwa wangu, mwenye miaka 10, alikuwa akingoja zamu yake ya kunyolewa. Kazaliwa hapahapa London. Kiswahili chake anakipata kwangu na kwa simu za bibi yake aliye Tanga. Akaikodolea macho ile picha, kisha akauliza kwa sauti iliyosikika duka zima:

"Mjomba, kwani zamani kila kitu kilikuwa cheusi?"

Kinyozi akacheka. Mimi sikucheka, maana nikiwa na umri wake nami niliamini kuwa babu yangu alioa katika dunia ya kijivu, na kwamba hata biriani ya arusi ile ilikuwa ya kijivu.

Nikamwambia, "Unaliona lile basi? Lile jeusi kuliko vyote pichani? Basi lile ndilo lilikuwa jekundu."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa papa kaangua nazi.

Hebu fanyeni jambo hili kabla hatujaendelea. Tafuteni peremende iliyofungwa kwa karatasi ya nailoni ya buluu, ile inayopitisha mwanga. Kuleni peremende, karatasi msiitupe. Iwekeni jichoni, mtazame nyanya mbivu. Nyanya imekuwa nyeusi tii! Sasa tazameni mbingu: inang'aa. Kamera nyingi za siku zile ziliiona dunia kwa namna inayokaribia hiyo. Mpiga picha alitia ndani ya kamera sahani ya kioo iliyopakwa dawa yenye chumvi za fedha, na dawa ile ilishtuka upesi ikiguswa na mwanga wa buluu, lakini mwanga mwekundu haikuuhisi kabisa. Chekundu kikatoka cheusi, na buluu nayo ikatoka nyeupe au kijivu hafifu. Kwa hiyo si kwamba picha ilikosa rangi tu. Ilizipindua, na hadi leo inatudanganya.

Haya, tulifuate basi lile.

Kabla ya injini, mabasi ya London yalivutwa na farasi, nayo yalikuwa ya rangi chungu nzima: kijani, njano, buluu, kahawia. Rangi ndiyo iliyotaja njia. Asiyejua kusoma, au aliyezingirwa na ukungu mzito wa moshi wa makaa, alitazama rangi tu akajua basi lile litamfikisha wapi. Kama mmewahi kusimama kituoni Dar es Salaam mkatazama mstari wa rangi ubavuni mwa daladala badala ya kusoma kibao, mmeshaielewa London ya wakati wa farasi.

Kisha injini zikaingia mtaani, na makampuni yakaanza kunyang'anyana abiria kama makonda wa matatu wanavyogombea mtu mmoja mwenye begi. Kampuni kubwa kuliko zote, London General Omnibus Company, ikaona namna ya kujitenga na wenzake. Mwaka 1907 ikaamua mabasi yake yote yapigwe rangi nyekundu, na ubavuni likaandikwa neno GENERAL kwa herufi kubwa ambazo hata mwenye macho mabovu angezisoma kutoka ng'ambo ya barabara. Kazi ya kutaja njia ikaachiwa namba, ambazo London ilianza kuziona mwaka 1906 kwenye mabasi ya kampuni nyingine. Wekundu haukuchaguliwa kwa sababu ya mfalme wala bendera, kama wanavyodhani watalii wengi. Ulikuwa wito wa kondakta, ila umepakwa kwa brashi.

Oktoba 1910 likatoka basi la aina ya B, na hapa ndipo hadithi inaponoga. Mabasi ya kwanza ya injini yalikuwa yakiharibika ovyo njiani, na kila moja likiwa na vipuri vyake vya peke yake. Fundi mkuu wa kampuni, Frank Searle, akabuni basi ambalo vipuri vyake vinafanana: ukichomoa kimoja kwenye basi hili, kinaingia kwenye lile. Yakaundwa kwa mamia, kisha kwa maelfu, katika kiwanda cha Walthamstow, kaskazini-mashariki mwa London. Lilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya biashara duniani kuundwa kwa wingi namna hiyo. Liliketisha abiria 34: 16 ndani na 18 juu, penye upepo na mvua. Mambo yakaenda mbio hata kufikia tarehe 25 Oktoba 1911 kampuni ile ikaendesha basi lake la mwisho la farasi. Mwaka mmoja tu!

Kisha wekundu ukaingia vitani. Mwaka 1914 Vita Kuu ya Kwanza ilipolipuka, serikali ikayachukua mabasi kwenda kubeba askari Ufaransa na Ubelgiji, na yale ya kwanza yalivuka bahari yakiwa bado mekundu, na matangazo ya biashara ubavuni. Fikirini, unakwenda kupigana ukiwa ndani ya kitu ambacho kazi yake yote ni kuonekana kutoka mbali. Haikuchukua muda yakapakwa rangi ya kaki, vioo vikaondolewa na madirisha yakazibwa kwa mbao. Mabasi ya aina ya B yapatayo 900 yalitumika vitani. (Kule kwetu Afrika Mashariki, katika vita hiyohiyo, mizigo ya jeshi ilibebwa na vichwa vya watu, na jina la Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi hao. Hadithi hiyo inataka siku yake.)

Jumamosi iliyofuata nikampeleka mpwa wangu Covent Garden, kwenye Makumbusho ya Usafiri ya London, ambayo yanamiliki basi la aina hiyo, namba B340, la mwaka 1911. Akafurahia mabasi ya zamani kama ilivyotarajiwa, lakini tulipotoka nje akaikumbuka ile picha ya kinyozi.

"Na lile gari dogo la kwenye picha?"

Lile nilikuwa nimelitambua kwa rejeta yake ya shaba. Ni Ford aina ya T, gari la Mmarekani Henry Ford. Lilianza kutoka Detroit mwaka 1908, na Novemba ya mwaka huohuo likaonyeshwa kwa Waingereza hapa London, kwenye ukumbi wa Olympia. Kuanzia mwaka 1911 likawa linaungwa hukuhuku Uingereza, katika kiwanda cha Trafford Park, Manchester.

Gari hili ndilo lenye sifa ya weusi. Kila mtu mzima mtakayemuuliza atawasimulia kwamba Ford aliwapa wanunuzi uhuru wa rangi yoyote waitakayo, ilimradi iwe nyeusi. Ford mwenyewe aliuandika mzaha huo katika kitabu chake cha mwaka 1922, akasema aliwatamkia wauzaji wake mwaka 1909. Sasa sikilizeni ajabu. Mwaka 1909 gari la aina ya T lilipatikana kijivu, likapatikana jekundu, likapatikana kijani. Jeusi halikuwepo! Baadaye likawa kijani iliyokolea, kisha kuanzia mwaka 1911 hivi buluu nzito, karibu na rangi ya bahari ya kina usiku. Weusi mtupu ulikuja mwaka 1914.

Kwa nini? Hapo ikabidi nimpitishe mpwa wangu mtaa wa pili kutoka makumbusho, Long Acre. Leo ni mtaa wa maduka ya nguo. Zamani ulikuwa mtaa wa mafundi wa magari ya farasi, karakana kwa karakana, na humo kupiga rangi ilikuwa kazi ya uvumilivu kama kutarizi kofia ya vito. Fundi alianza kwa koti la chini, akaziba mashimo, akasugua kwa jiwe la povu na maji mpaka mbao ikawa laini kama yai. Akapaka rangi. Akangoja siku kadhaa. Akasugua tena, akapaka tena. Mwisho ikaja vanishi, tabaka juu ya tabaka, katika chumba kilichofungwa, sakafu imenyunyiziwa maji ili vumbi lisiruke. Nzi mmoja akitua, kazi inarudi nyuma. Gari moja lilimaliza wiki kadhaa likikauka tu.

Kwa matajiri hilo halikuwa tatizo. Mwaka 1907 Rolls-Royce walitaka gari la kujivunia, wakawapa mafundi wa Barker wa hapa London, nalo likapakwa rangi ya fedha iliyochanganywa na unga wa alumini, likaitwa Silver Ghost. Mwenye gari kama hilo anaweza kungoja. Lakini Ford, kuanzia mwaka 1913, alikuwa amepanga wafanyakazi wake kwenye mkondo unaotembea, kila mmoja na kazi yake moja. Chasisi iliyokuwa ikiungwa kwa zaidi ya saa 12 ikawa inaungwa kwa saa moja na nusu. Mnaliona tatizo? Gari linaungwa asubuhi kabla uji haujapoa, halafu lingoje rangi ikauke kwa wiki nzima. Lingetafutiwa banda gani la kulitosha jimbo zima la magari mabichi?

Ndiyo maana kiwandani brashi ziliwekwa kando. Vipande vidogo vilitumbukizwa kwenye pipa la rangi kama maandazi kwenye mafuta, vikatolewa, vikachuruzika. Bodi ilimwagiwa rangi kwa mpira, kama mama anavyommwagia maji mtoto aliyetoka kucheza matopeni, na iliyodondoka ikakingwa chini ikarudi kumwagwa tena. Kisha vyote vikapelekwa kwenye tanuri. Rangi iliyofaa kuokwa hivyo ilikuwa nyeusi, ambayo ndani yake mlikuwa na lami ngumu ya asili inayochimbwa Utah, Marekani. Ilikuwa rahisi kwa bei, ilishika chuma kwa nguvu, na haikuogopa jua. Rangi nyingine zilifunikwa kwa vanishi yenye umanjano, na kadiri miaka ilivyokwenda, buluu nzuri ikageuka kijani kichafu. Nyeusi huwezi kuichafua kwa umanjano.

Mtasikia pia kwamba nyeusi ilichaguliwa kwa kuwa hukauka upesi kuliko rangi nyingine. Hadithi hiyo imezagaa, lakini waliozipekua karatasi za kiwanda hawakuikuta. Walichokikuta ni bei na uimara. Wakakuta na jambo jingine ambalo mimi nalipenda kuliko yote: nyeusi yenyewe haikuwa moja. Zilikuwa zaidi ya aina 30! Madigadi ya chuma tupu yaliweza kuokwa kwa moto mkali, lakini bodi ilikuwa na mifupa ya mbao ndani, na mbao ukiioka hivyo inapasuka. Kwa hiyo madigadi yana nyeusi yao, bodi ina nyeusi yake, ya kutumbukizia si ya kumwagia, na ya kwanza si ya mwisho. Anayesema gari lile lilikuwa jeusi tu ni kama anayesema wali ni wali tu. Mpeleke Pemba akale, halafu arudie maneno yake.

Na bei ikashuka. Lililouzwa dola 850 mwaka 1908 lilishuka chini ya dola 300 kufikia katikati ya miaka ya 1920. Yaliundwa zaidi ya milioni 15, kati ya hayo kama 300,000 hapa Uingereza. Kilichouvunja weusi kilikuwa rangi mpya ya kupuliza, iliyoitwa Duco, ambayo kampuni ya DuPont iliitoa miaka ya 1923 na 1924 kwa magari ya washindani wa Ford. Ilikauka kwa saa badala ya wiki, nayo ilipatikana katika rangi za kuvutia. Wanunuzi wakaanza kutazama upande wa pili. Ford akasalimu amri: kufikia mwaka 1926 gari lake likawa linapatikana tena kijani, buluu na rangi ya damu ya mzee, na mwaka 1927 akaacha kabisa kuliunda.

Mpwa wangu alinisimamisha hapo. "Mjomba, kijivu ndiyo nini kwa asili? Ni Kiswahili?"

Swali zuri. Kiswahili kina rangi tatu tu zinazojitegemea kama sifa: nyeusi, nyeupe, nyekundu. Nyingine nyingi tumeziazima kutoka jikoni na shambani. Kijivu ni majivu, kahawia ni kahawa, manjano ni bizari, zambarau ni tunda lake. Kijani ni jani, mnaliona lenyewe. Kwa hiyo magari ya kwanza ya Ford, tukiyataja kwa Kiswahili, yalitoka kiwandani na rangi ya majivu na rangi ya majani. Sidhani Ford angefurahi kusikia la majivu.

Lakini yote haya yanajulikanaje, ikiwa picha zinadanganya? Jibu tulilipata mwezi wa Novemba, Hyde Park, baridi ya kukata masikio.

Kila Jumapili ya kwanza ya Novemba, jua likichomoza, magari ya kale yaliyoundwa kabla ya mwaka 1905 huondoka Hyde Park kwenda Brighton, kama kilomita 97, mengi yakienda mwendo ambao kuku angeweza kuyakimbia. Ni kumbukumbu ya tarehe 14 Novemba 1896, siku ambayo waendeshaji walisherehekea sheria mpya iliyowaruhusu kwenda kilomita 22 kwa saa. Kabla ya hapo, sheria ya mwaka 1865 ilikuwa imemtaka mtu atangulie mbele ya gari kwa miguu, akipeperusha bendera nyekundu. Sharti la bendera lilitangulia kulegezwa, lakini la kutanguliwa na mtu lilidumu hadi 1896. Mpaka leo, kabla ya kuondoka, bendera nyekundu huchanwa mbele ya watu. Nikamnong'oneza mpwa wangu: rangi ya kwanza ya gari katika nchi hii haikuwa kwenye gari, ilikuwa mkononi mwa mtembea kwa miguu.

Mle kwenye msururu mlikuwa na Oldsmobile zenye kibao cha mbele kilichojikunja kama ulimi, gari ambalo Wamarekani walianza kuliunda kwa wingi tangu mwaka 1901, kabla Ford hajatamba. Halina usukani wa duara. Lina kana, kama jahazi. Rangi yake iliyozoeleka ni nyeusi yenye wekundu uliokolea pembeni. Mengi yamepigwa vanishi mpaka unajiona uso. Mimi naona yanang'aa kupita kiasi, hayakutoka hivyo kwa aliyeyauza. Lakini mzee mmoja, mwenye gari jingine lililochakaa kidogo, alimwona mpwa wangu anavyochungulia, akamwita, akainua kiti.

Chini ya kiti, mahali ambapo jua halijafika miaka 120, palikuwa na kidonda kidogo cha mviringo, ukubwa wa sarafu. Mzee alikuwa amekisugua kwa msasa laini uliolowa maji, taratibu, kwa kidole kimoja. Tabaka za rangi zilijitokeza pete ndani ya pete, kama kitunguu kilichokatwa. Nje nyeusi. Ndani yake kijani. Ndani yake njano nyembamba, ambayo mzee alisema ni vanishi ya kale. Kisha wekundu mzito wa matofali. Katikati kabisa, kijivu cha koti la chini, na nukta ya mbao.

"Kila pete ni mwenye gari mmoja," mzee akasema. Mpwa wangu akaweka kidole juu ya ile nyekundu, akakitoa upesi kama aliyegusa kitu cha moto.

Wakati wa kurudi mvua ikatushika, tukapanda teksi. Ilikuwa nyeusi, bila shaka. Mtoto hakungoja. "Na hii ni sheria?" Nikamweleza kuwa si sheria. Teksi za mwanzo za London zilikuwa za rangi tofautitofauti. Mwaka 1948 kampuni ya Austin ikatoa teksi ya aina ya FX3, ikaiuza ikiwa nyeusi, na aliyetaka rangi nyingine akaongezwa bei. Madereva ni watu wa hesabu. Wakachukua nyeusi, mmoja baada ya mwingine, mpaka dunia nzima ikadhani ni mila ya kifalme. Dereva wetu, ambaye hakuelewa neno hata moja la mazungumzo yetu isipokuwa Austin, akageuka akatabasamu.

Wiki iliyofuata kinyozi alituruhusu tuipige picha ile ya ukutani kwa simu. Nikaichapisha kwenye karatasi kubwa, mpwa wangu akaitandika mezani na penseli zake za rangi. Basi akalipaka jekundu bila kuuliza, akibonyeza sana. Gari la Ford akalipaka kijani, akasema ameamua kuwa ni la mwaka 1910 na asibishwe. Rejeta akaitia njano ya bizari. Kofia za wanaume akaziacha nyeusi zote, kwa kisasi nadhani.

Kisha akafika kwa farasi wa mkokoteni. Pichani ni mweusi kama masizi. Akachukua penseli nyeusi, akaisimamisha hewani.

"Mjomba, kama mwekundu hutoka mweusi..."

Akaiweka chini, akaanza kutafuta ya kahawia.

"Mpaka huyu naye wamemsingizia," akasema, akaanza kumpaka kuanzia masikioni.